Kumwomba Msikilizaji Achangie: Mwongozo kwa Podikasti za Kanda ya Ziwa

Ukiwa Mwanza, Musoma au Bukoba na unatengeneza podikasti ya muziki, filamu na habari za mastaa bila kuajiriwa na redio yoyote, utafika mwezi ambapo bando, nauli na malipo ya kijana anayehariri sauti vitakushinda. Hapo ndipo watangazaji wengi husema harakaharaka, mwishoni kabisa mwa kipindi, "kama umependa unaweza kutusapoti," kisha muziki wa kufungia unapanda. Hakuna anayetuma kitu, nao wanahitimisha kwamba watu wa huku hawalipii mambo ya mtandaoni. Hitimisho hilo halina msingi. Mtu wa Kanda ya Ziwa amezoea kutoa pesa yake kwa ajili ya redio, sherehe na burudani, ila hutoa kwa utaratibu anaoujua: aelezwe kazi gani inafanyika, jina lake litajwe, na hesabu isomwe mbele ya wenzake. Ukiomba nje ya utaratibu huo unaonekana ama ombaomba ama tapeli, hata kama kipindi chako ni kizuri kuliko vyote kanda nzima.

Chukua kadi za salamu. Kabla simu za mkononi hazijaenea, msikilizaji aliyetaka kuwasalimu ndugu na marafiki redioni alinunua kadi, akaijaza majina, akaituma kituoni na kusubiri zamu yake isomwe. Watu wa salamu walifahamiana kwa majina yao ya hewani, wakaunda vyama, wakatembeleana kwenye misiba na harusi za watu waliokutana nao kwa sauti tu. Iangalie biashara hiyo vizuri. Kipindi chenyewe kilikuwa bure kwa kila mwenye redio na betri. Kilicholipiwa ni jina kutajwa, na aliyetajwa hakuona kwamba jirani yake aliyesikiliza bure amemwibia. Alitaka hasa huyo jirani asikie. Kwa hiyo ushauri wa kwanza unapingana na unaotolewa na majukwaa makubwa ya nje, yanayokwambia ufungie vipindi vizuri ili wavisikie wanaolipa tu. Usifungie. Kipindi kilichofungwa kinamnyima mchangiaji wako hadhira ya kumsikia akitajwa, na kwa podikasti ya mkoani yenye wasikilizaji wachache kinakunyima pia njia ya kupata wapya.

Ushahidi wa pili uko kwenye simu yako sasa hivi, kwenye kundi la WhatsApp la harusi ya mtu. Kamati ina mweka hazina, kila mwanakundi ameweka ahadi, na kila anapolipa mmoja orodha nzima inarushwa upya ikiwa na alama ya vema mbele ya jina lake. Orodha hiyo ina nguvu kuliko hotuba ya mwenyekiti. Mwenye ahadi ya elfu hamsini anayeona wenzake kumi wametiki hahitaji kuhubiriwa. Ni kweli kwamba mchango wa harusi una deni ndani yake, leo kwangu kesho kwako, na podikasti haitamrudishia mtu mchango siku anapooa (ingawa wapo watakaokutumia kadi, jiandae). Lakini usidhani deni ndilo sababu pekee ya watu kutoa. Radio Maria, redio ya Kikatoliki inayosikika Tanzania tangu 1996, haichukui matangazo ya biashara. Inaendeshwa kwa michango ya wasikilizaji na kazi ya watu wa kujitolea, na kila mwaka mwezi Mei ina siku zake maalumu za kuchangisha zinazoitwa Mariathon. Utasema hiyo ni dini, watu wanatoa kwa imani. Sawa, imani ipo. Lakini imani peke yake haiko mbali na hali ya podikasti yako, ambayo nayo ina watu wanaoipenda kimyakimya. Angalia kilichoongezwa juu ya imani: kipindi maalumu chenye mwanzo na mwisho, na kazi inayotajwa waziwazi, iwe mtambo au eneo jipya la kufikiwa. Hivyo viwili unaweza kuviiga bila kuwa padri.

Sasa swali la ni wangapi watatoa. Jibu lenye historia ndefu linatoka Berkeley, Marekani, ambako kituo cha KPFA kilianza kurusha matangazo Aprili 1949 bila matangazo ya biashara, kikitegemea ada ya hiari ya wasikilizaji. Mwanzilishi wake, Lewis Hill, alijenga hoja yake juu ya makadirio kwamba asilimia 2 tu ya wanaoweza kukisikiliza wakilipa, kituo kitaishi. Pesa iliisha mwaka uliofuata, kituo kikanyamaza, na kikarudi hewani 1951 baada ya wasikilizaji kuchangishana. Wewe chukua hiyo asilimia 2 uitumie kama breki ya matumaini. Ikiwa una wasikilizaji 1,000 wa kweli, tegemea watu 20. Kila mmoja akitoa shilingi 5,000 unapata laki moja. Basi usiende hewani kuomba milioni mbili za kamera na taa. Omba laki moja, na uipangie kazi. Podikasti ndogo inaweza kuvuka asilimia hiyo kwa sababu watu wanajuana, lakini bajeti isijengwe juu ya bahati.

"Wasikilizaji wa kweli" ni neno linalohitaji uangalifu. Namba inayoonekana chini ya video ya YouTube inahesabu pia aliyefungua na kukimbia, na faili la sauti linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp halihesabiwi popote. Njia rahisi ya kupima ni kuuliza swali dogo katikati ya kipindi, dakika ya arobaini hivi, si mwanzoni: wimbo gani wa Fid Q ungeuweka wa kwanza, kwa mfano, kisha uone wangapi wanajibu ndani ya wiki. Hao waliojibu wamefika dakika ya arobaini. Wao, na si kundi zima la wapita njia, ndio unaokwenda kuwaomba.

Katika kupanga gharama, anza na bando, kwa sababu ndilo gharama ambayo msikilizaji naye anaijua kwa uchungu. Saa moja ya sauti iliyohifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama megabaiti 29. Ukiiweka kwa 128 inakuwa karibu 58. Video ya saa hiyohiyo inakula mamia. Maana yake ni kwamba anayekutazama YouTube akiwa Nansio ameshalipia kipindi chako, ila amemlipa mtu wa mtandao. Kabla hujamwomba hata shilingi, mpunguzie mzigo huo: toa toleo jepesi la sauti tupu linaloweza kutumwa kwa WhatsApp. Kisha mwambie umefanya hivyo na kwa nini. Mtu aliyeona umejali bando lake anakusikiliza tofauti unapotaja bando lako.

Pingamizi utakalolisikia kwanza, tena kutoka kwa marafiki, ni kwamba kuomba wasikilizaji ni kujidhalilisha wakati kuna wadhamini. Kampuni za bia, za simu na za kubeti zina pesa, na promota wa matamasha anaweza kukulipia miezi mitatu kwa mkupuo. Wadhamini si maadui, na ukipata anayefaa mchukue. Ila podikasti ya burudani ina ugumu wake: kinachozungumzwa na anayelipa mara nyingi ni kitu kimoja. Promota anayekulipa ndiye mwenye tamasha ambalo sauti ilikatika na msanii mkubwa akapanda saa tisa usiku. Tazama pia sakata la mwaka 2018, wimbo wa Rayvanny na Diamond Platnumz uliobeba jina la Mwanza. Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) liliufungia mwezi Novemba kwa sababu za maadili, kisha Desemba wasanii hao wakauimba kwenye Wasafi Festival hapahapa Mwanza, nao wakafungiwa kufanya maonyesho kabla ya kufunguliwa mwaka uliofuata. Jambo lilitokea mbele ya watu wa Mwanza, likaamuliwa na kujadiliwa zaidi Dar es Salaam. Podikasti ya hapa ingeweza kuuliza waliokuwa uwanjani walionaje, wazazi wa Mabatini na Igoma wanasemaje kuhusu jina la jiji lao kutumiwa vile, na kama sheria ilitumika kwa haki. Kipindi cha namna hiyo hakipendezi kwa mdhamini yeyote, maana kinamgusa msanii, lebo, serikali na mwandaaji kwa pamoja. Anayeweza kukilipia ni msikilizaji tu. Hilo ndilo la kumwambia unapoomba: kuna vipindi vinavyowezekana kwa pesa yake ambavyo kwa pesa nyingine havitoki. Mtajie kimoja kwa jina. Neno "uhuru wa maudhui" likikaa peke yake halimtoi mtu elfu tano.

Na matangazo ya YouTube? Masharti ya kawaida ya kuanza kugawiwa mapato ya matangazo ni wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na hata ukifika, hadhira ya Afrika Mashariki huuzwa kwa watangazaji kwa bei ndogo. Yachukue yakija. Usiyaweke kwenye bajeti.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: watu hawana pesa. Wasemao hivi wanatazama kiwango na kusahau majira. Kipato cha watu wengi wa ziwani hakiji tarehe 28. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, mitumbwi inapumzika ufukweni, na kuanzia Igombe hadi mwalo wa Kirumba mzunguko wa pesa unalegea, kwa mvuvi, kwa mama anayeanika, kwa mbebaji na kwa mama lishe. Giza likirudi, pesa inarudi. Kwa mkulima wa Magu, Misungwi au Kwimba, pesa ya pamba inaanza kuonekana msimu wa kununua unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei. Mwalimu na nesi ndio wanaofuata mwisho wa mwezi. Mfumo wa kukata pesa kila mwezi kwa kadi ya benki, kama ule wa Patreon ulioanzishwa Marekani mwaka 2013, umetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye mshahara na kadi, na ukiunakili hapa utapata ndugu zako walioko ughaibuni na wachache wengine. Hao wa ughaibuni wafungulie mlango huo, wanaumudu. Kwa wa nyumbani, omba mchango wa msimu: msimu una vipindi kumi na viwili, mtu achangie mara moja wakati wowote kabla haujaisha, elfu moja au elfu kumi. Mwombe mvuvi kwenye giza na mwalimu mwishoni mwa mwezi. Unaweza hata kusema hewani kwamba umechagua wiki hii kwa sababu giza limeanza. Watu wa mwaloni watacheka, na watajua unawafahamu.

Wengine watakuuliza kama mchangiaji hatageuka bosi. Hatari hiyo ipo, tena kwenye burudani ni kubwa, kwa sababu mashabiki wa huku wana timu. Ushindani wa Team Kiba na Team Diamond si jambo geni kwa Wasukuma, ambao kwa vizazi wamegawanyika kati ya vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu. Katika mashindano ya ngoma ya Bulabo kule Bujora, Kisesa, kundi linalovuta umati mkubwa ndilo linalohesabiwa mshindi, na kila upande unafanya kila mbinu kuuhamisha umati. Timu ikigundua kwamba kipindi chako kinaishi kwa michango, itachanga ili usimseme msanii wake, au itasusa ukimsema. Kinga ni kikomo. Tangaza mapema kwamba mtu mmoja hawezi kutoa zaidi ya kiasi fulani kwa msimu, tuseme elfu hamsini, na kwamba msanii, meneja wake au promota akitoa, jina lake litasomwa pamoja na cheo chake. Watu 20 wa elfu tano wakikasirika wanne, umepoteza elfu ishirini na kipindi kinaendelea. Shabiki mmoja wa laki akikasirika, umefunga.

Tukija kwenye maneno yenyewe, ombi likae mwanzoni mwa kipindi au katikati, lisizidi dakika moja, na lisomwe na mtangazaji kwa sauti yake ya kawaida, bila muziki wa huzuni. Liwe na namba. Kitu kama hiki: "Msimu huu wote tunatumia laki moja. Elfu hamsini ni ya mhariri wa sauti, elfu thelathini bando, elfu ishirini nauli za kuwafuata wageni. Tunatafuta watu ishirini wa elfu tano. Mpaka jana usiku wameingia kumi na mmoja, nitawataja sasa. Waliobaki ni tisa." Ona kwamba hakuna "chochote ulichojaliwa". Neno hilo ni la adabu, lakini linamwachia msikilizaji kazi ya kukisia, na anayekisia huahirisha. Kiasi kikitajwa, asiye nacho atatuma elfu mbili bila aibu, maana anajua elfu mbili ni sehemu ya nini. Ukiwa na kaka au dada mkubwa anayeheshimika kwenye muziki wa hapa, mwombe aseme hayo kwa niaba yako katika kipindi kimoja. Kuombewa na mtu mzima ni desturi yetu, na kunakuondolea ule ugumu wa kujisifu.

Namba ya kupokelea isichukuliwe kama jambo dogo. Kila mwenye simu Tanzania ameshapata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii," kwa hiyo ombi lolote la pesa linaanza likiwa limeshukiwa. Tumia lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kipindi, au, kama bado huna, laini moja tu ambayo jina litakalotokea kwenye simu ya mtumaji ni lilelile unalolitamka hewani: "litakuja jina la fulani, huyo ni mimi." Usibadilishe namba katikati ya msimu. Usimwambie mtu aongeze ya kutolea. Bebesha gharama hiyo bajeti yako na uiandike. Watu wanakumbuka tozo za miamala za Julai 2021, zilizolalamikiwa hadi serikali ikazipunguza kwa asilimia 30 mwaka huohuo, na tangu hapo kila mmoja anahesabu makato. Elfu tano ya msikilizaji ikifika ikiwa elfu nne na kitu, sema hivyo kwenye hesabu.

Hesabu isomwe kila mwezi, hata kama ni aibu. Kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, dakika moja na nusu, na picha ya karatasi hiyohiyo irushwe kwenye kundi. Mwezi mlipokosa mhariri na pesa yake ikabaki, iseme ilipo. Mwezi ulipotumia elfu kumi na tano kwa soda na chipsi za mgeni, iandike hivyohivyo. Wasikilizaji husamehe chipsi, hawasamehe mstari ulioandikwa "mengineyo". Majina nayo yatajwe kwa namna mtu anavyotaka, na jina la utani linatosha. Wapo wasiotaka kabisa kutajwa, hasa watumishi wa umma kama kipindi chako kinagusa maamuzi ya serikali. Waulize kabla. Orodha ya majina na namba za simu uliyonayo ni taarifa binafsi, na nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo orodha ya hadharani iwe na majina tu waliyoyaridhia, bila namba, na usimpe mdhamini hata akikuomba kwa upole.

Kabla ya shilingi ya kwanza kuingia, pita ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ya Kanda ya Ziwa hapo Mwanza. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilipotoka, leseni na ada zake kwa jumla zilizidi shilingi milioni 2 na baadhi ya watu wakazima blogu zao. Zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Eleza kipindi chako kinafanya nini, hasa kama kinagusa habari na matukio, uliza kinaangukia wapi, na uombe jibu la maandishi. Kwa mamlaka ya mapato, TRA, uliza mapema mchango wa wasikilizaji utahesabiwaje ukishakuwa wa kila msimu. Muziki unaouchezea nyuma ya maongezi una wenyewe pia, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Ruhusa ya maandishi kutoka kwa msanii chipukizi wa Nyamagana au Ilemela ni rahisi kupatikana, naye atakutangazia kipindi.

Msimu ukiisha bila watu ishirini kufika, punguza vipindi hadi kiasi walichokilipia na utangaze hivyo: tulipata kumi na watatu, kwa hiyo msimu ujao tutatoka mara mbili kwa mwezi. Usiongeze wiki za kuomba, na usiseme utafunga kama hufungi. Kwa aliyechangia msimu uliopita na sasa amenyamaza, msomee jina lake mara moja pamoja na wenzake wa msimu huo, mshukuru, na usimfuate inboksi.